Pesa Imerudi, Ligi Iko Wapi?

Makongeni, stima zikipotea katikati ya mechi, mwenye kibanda cha gemu alirudisha pesa. Hilo halikuwa na mjadala. Unapokea kobole yako, yaani shilingi tano, mlangoni, unatoka nje, unasubiri taa zirudi au unaenda zako. Kelele zilianza pale mtu alipouliza habari ya memori kadi.

Nazungumzia miaka ya katikati ya 2000, PlayStation 2 ilipokuwa imeshafika mitaa ya Eastlands, Nairobi, na kila laini ya nyumba ina kibanda chake. Chetu kilikuwa chumba cha mabati kilichobandikwa ubavuni mwa nyumba ya reli. Mtaa mzima ulikuwa wa reli. Nyumba zilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa garimoshi, tukapakana na Kaloleni upande mmoja na Mbotela upande wa pili, Jogoo Road ikitupitia kichwani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, shirika la East African Railways likagawanywa, lakini wazee wa Makongeni waliendelea kujitambulisha kwa kazi zao za reli kana kwamba bado wana zamu ya usiku. Mtu alikuwa gadi, mwingine fundi wa injini, mwingine karani wa mizigo. Walihesabu maisha yao kwa miaka ya utumishi.

Ndani ya kibanda mlikuwa na televisheni ya Greatwall ya inchi 14, fomu mbili za mbao, na leso iliyotundikwa mlangoni kuzuia mwanga. Diski zilikuwa za kuchomwa, na Winning Eleven yetu ilikuwa ya Kijapani. Hakuna aliyejua kusoma hata herufi moja. Menyu tuliijua kwa mahali: chini, chini, chini, duara, kulia mara moja, duara tena, hapo umefika kwenye soko la wachezaji. Katika gemu za Kijapani za wakati huo duara ndiyo iliyokuwa ya kukubali na X ya kukataa, kinyume na zile za Kiingereza. Mgeni kutoka mtaa wa Umoja akija na mazoea yake alibonyeza X ili aanze mechi, akajikuta ametupwa nje ya menyu, na kibanda kizima kikamcheka.

Mechi moja ya kawaida ilikuwa starehe ya kupita. Kilichowashika watu ni Master League. Unaanza na timu ya wachezaji ambao hawajawahi kuzaliwa, Castolo, Minanda, Ximelez na wenzao. Majina hayo mimi niliyajua baadaye nilipoona toleo la Kiingereza. Kibandani tuliwatambua kwa nywele. Hawana kasi, hawana shuti. Unashinda kwa shida, unapata pointi, unauza mmoja, unanunua mwenye afadhali, na polepole unajenga timu. Msimu mmoja ungeweza kumchukua mtoto wa shule muhula mzima, kadiri kobole zilivyopatikana. Kila ukimaliza mechi unaseivu, na maandishi ya Kijapani yanatokea kwenye kioo. Hatukuyaelewa, ila wote tulijua yanasema usiguse kitu. Mtu akipita karibu na waya wa stima wakati huo alisukumwa na watu watatu kwa mpigo.

Kadi ya PS2 ilikuwa na megabaiti 8 tu. Kibanda kilikuwa na moja. Mwenye gemu alikuwa na daftari la mraba, limeandikwa majina ya wenye ligi na tarehe ya mwisho walipocheza, na anayekaa muda mrefu bila kuja alifutwa ili mwingine apate nafasi. Ulilipa ashuu, shilingi kumi, kwa wiki ili seivu yako ibaki. Waliojiweza walinunua kadi yao wenyewe, wakaibeba ndani ya soksi, na hao walikuwa mabwana: wangeweza kwenda kibanda chochote chenye diski ileile, Kaloleni au Maringo, wakachomeka na kuendelea walipoachia.

Sasa kuna kijana mmoja wa laini ya chini, mkubwa kwetu kidogo, aliyekuwa na ligi iliyokomaa. Alikuwa amelipia wikendi yote kabla. Jumamosi mashine ikaanza kugoma: lenzi ilikuwa imechoka, diski inazunguka na kulia kama kinu, mechi inaganda dakika ya 70. Akaomba pesa yake. Mwenye gemu akamrudishia yote bila kinyongo. Kisha, mbele yetu sote, akafungua orodha ya kadi, akashuka hadi kwenye ligi ya yule kijana, na kuifuta.

“Pesa si umepata? Basi tumemalizana.”

Kijana hakupigana. Alitoka nje akaenda kumwita mzee mmoja mstaafu wa reli aliyezoea kukaa na redio yake chini ya dirisha, hatua chache kutoka kibandani. Mzee hakujua gemu ni nini na wala hakutaka kujua. Aliuliza maswali tu, kwa sauti ya mtu aliyezoea mabaraza ya nidhamu kazini.

“Kijana, umemrudishia pesa kwa nini?”

“Mashine ilikataa, mzee.”

“Mashine ya nani?”

“Yangu.”

“Na hicho ulichofuta kilitengenezwa na nani?”

Mwenye gemu akanyamaza kidogo, kisha akatoa jibu ambalo hadi leo naliona la haki: nafasi. Kadi ni ndogo, akasema. Mtu aliyechukua pesa yake si mteja tena, na kuna vijana watatu wanaosubiri kuanza ligi. Akimwekea huyu ambaye huenda asirudi, anawanyima hao wanaolipa. Mzee alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa, akasema reli waliwahi kuwa na maneno kama hayo. Karani anapoteza faili lako, unaambiwa hukuwahi kufanya kazi. Mshahara ulilipwa, kweli. Lakini miaka je?

Ligi haikurudi. Kwenye kadi ile kilichofutwa kimefutwa. Yule kijana alihamia kibanda kingine na wateja kadhaa wakamfuata, kwa hiyo kama ni biashara, mwenye gemu alipata hasara kubwa kuliko nafasi aliyookoa.

Nimekuwa mhasibu, na huenda ndiyo sababu kisa hicho hakijanitoka. Katika vitabu vya hesabu, kurudisha pesa ni kugeuza mauzo. Ulichouza kinarudi stoo, ulichopokea kinarudi kwa mteja, na pande zote mbili zinakuwa mahali zilipokuwa. Kinachorudishwa lazima kilingane na kilichouzwa. Mwenye gemu alimuuzia yule kijana muda wa mashine. Hakumuuzia ile timu, maana timu haikuwepo siku ya kwanza. Ilitoka kwenye vidole vyake. Kuichukua wakati wa kurudisha pesa ni kuingiza stoo bidhaa ambayo haikutoka stoo. Mkaguzi yeyote angeweka alama nyekundu hapo.

Miaka ikapita, vibanda vikabadilika, na kadi ya kubeba kwenye soksi ikafa. Seivu zilihamia kwenye kompyuta za kampuni zenyewe, mbali, mahali ambapo hakuna mzee wa kuita.

Nililijua hilo kupitia mpwa wangu, mtoto wa dada. Alinunua gemu ya simu, ya kulipia, kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, ile ambayo Safaricom na Visa waliizindua Juni 2022 na kuwafungulia vijana wengi wasio na akaunti ya benki maduka ya nje. Alicheza vizuri kwa muda. Likaja sasisho, simu yake ikashindwa kulibeba, gemu ikawa inafunga kila akifika mahali fulani. Tuliomba pesa pamoja, mimi nikiandika maelezo. Pesa ikarudi, na nakiri kampuni hiyo haikutusumbua hata kidogo. Baadaye alipata simu bora, akanunua gemu ileile tena kwa bei kamili, akaingia kwa akaunti ileile, jina lilelile. Palikuwa patupu. Kiwango cha kwanza, mafunzo ya jinsi ya kutembea.

“Anko, hawa si wamenikumbuka jina? Mbona wamesahau kingine?”

Tukaandika kuuliza. Jibu lilikuja la heshima, limejaa shukrani kwa subira yetu: maendeleo yote yaliyofungamana na ununuzi huondolewa ununuzi unapobatilishwa. Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa nikamwona mwenye gemu wetu ameshika kontrola. Tofauti ni kwamba mwenye gemu alikuwa na megabaiti 8. Hawa hawana shida ya nafasi. Seivu ya gemu nyingi ni faili dogo kuliko picha moja anayopiga mpwa wangu akiwa soko la Burma anakula nyama choma. Hakuna anayesubiri foleni ili apewe nafasi yake, wala kampuni haiwezi kuiuza kwa mtu mwingine. Sababu pekee ya haki niliyoisikia Makongeni, kampuni kubwa haina.

Na si kwamba haiwezekani. Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta la kampuni ya Valve, ilianza Juni 2015 kurudisha pesa kwa sababu yoyote ile, mradi uombe ndani ya siku 14 tangu ununue na uwe umecheza chini ya saa 2. Pesa ikirudi, gemu inaondoka kwenye maktaba yako, lakini kwa kawaida faili la seivu hubaki kwenye kompyuta yako, na kwa gemu zinazotumia hifadhi yao ya mtandaoni hubaki huko pia. Ukinunua tena mwakani wakati wa punguzo la bei, unaendelea ulipoachia. Nintendo nayo, ambayo si maarufu kwa kurudisha pesa, ilipofungua huduma yake ya mtandaoni mwaka 2018 iliulizwa na wateja wenye hasira: usajili ukiisha, seivu zilizohifadhiwa kwao zitaenda wapi? Ikajibu kwamba itazitunza kwa siku 180. Siku 180 si milele, lakini ni ahadi yenye tarehe. Daftari la mwenye gemu wetu halikuwa na hata hiyo.

Kisa kikubwa zaidi ni cha Google Stadia. Huduma hiyo ilianza Novemba 2019, na kwetu Kenya haikufika. Gemu iliendeshwa kwenye kompyuta za Google, wewe ukatazama na kubonyeza tu. Tarehe 29 Septemba 2022 Google ikatangaza kwamba inaifunga, na kwamba itarudisha pesa za gemu zote zilizonunuliwa kwenye duka la Stadia na za vifaa vilivyonunuliwa kwenye duka la Google. Sijui kampuni nyingi zinazorudisha pesa kwa ukarimu wa namna hiyo. Hata hivyo, siku ileile malalamiko yalianza, na hayakuwa ya pesa. Mchezaji mmoja alikuwa amekaa karibu saa 6,000 ndani ya Red Dead Online, na akawa anawaomba watengenezaji wake, Rockstar, hadharani wamruhusu ahame na mhusika wake. Saa 6,000, kwa kazi ya saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni karibu miaka mitatu ya ajira. Mtu anaweza kumcheka, na mimi nilitabasamu kidogo. Lakini yeye hakulalamikia dola zake, alizipata.

Kilichotokea baada ya hapo kinafundisha. Google iliwaachia watu wapakue faili za seivu zao kupitia Takeout, chombo chake cha kuchukua data. Watengenezaji wa gemu Ubisoft wakasema walionunua gemu zao kule watapewa nakala za kompyuta. Gemu ya Destiny 2 ilikuwa tayari na utaratibu wa watengenezaji wake, Bungie, wa kushirikisha maendeleo kati ya mashine, ulioanza mwaka 2019, kwa hiyo wachezaji wake walihama kama wenye kadi ya kwenye soksi. Wengine waliobaki na gemu ambazo watengenezaji wake hawakujishughulisha walitazama saa zao zikizimwa tarehe 18 Januari 2023. Mnunuzi alikuwa yuleyule, na urejeshaji wa pesa ulikuwa uleule. Nani alipoteza na nani hakupoteza ilitegemea kama mtu fulani ofisini aliwahi kufikiri kwamba seivu ni ya mchezaji.

Kampuni zina hoja zao, na moja inanigusa. Watu hudanganya. Mwezi Agosti 2021 mtengenezaji mmoja mdogo anayejiita Emika Games alisema anaacha kutengeneza gemu kwa muda usiojulikana. Gemu yake ya kutisha, Summer of '58, ilikuwa fupi, inamalizika chini ya saa 2 za Steam, na watu wengi waliicheza hadi mwisho, wakaisifu, kisha wakadai pesa zao. Kila nikimwazia kijana wa Nairobi anayetengeneza gemu kwa laptopu ya mitumba, najua atakutana na wateja hao. Huu ni wizi wenye adabu.

Ila angalia vizuri: kufuta seivu kungemsaidia nini Emika Games? Aliyemaliza gemu yake na kuchukua pesa hahitaji seivu tena. Amekwishakula, sahani hana haja nayo. Anayeumizwa na kufutwa ni yule aliyekusudia kurudi, aliyeshindwa na simu, au na stima, au na kodi ya mwezi huo. Adhabu inampata mteja wa kesho na kumkosa mwizi wa jana. Dawa ya mdanganyifu iko kwingine, kwenye mipaka ya muda wa kucheza na kwenye akaunti zinazodai pesa kila wiki, na kampuni zina takwimu zote za kumjua.

Kuna hoja ya pili, na hapa nakubaliana nao kabisa. Gemu za siku hizi zinauza vitu ndani yake: sarafu, nguo, wachezaji wa pakiti. Ukinunua sarafu, ukanunua mchezaji kwa sarafu hizo, kisha ukadai pesa ya sarafu, huyo mchezaji aondoke. Alitoka stoo, arudi stoo. Na kama umemtumia kupanda ngazi katika mashindano na watu wengine, ngazi hiyo ishuke pia, maana wenzako walifungwa na mtu ambaye hukumlipia. Mpwa wangu alipinga hili kwa nguvu zote tulipolijadili, na nikamwacha apinge. Ninachotetea ni kile kilichotoka kwenye muda na vidole: hatua ulizofika, timu uliyoijenga kwa pointi za ushindi, nyumba uliyoijenga tofali kwa tofali. Kompyuta inayojua nilinunua nini saa ngapi na dakika ngapi haiwezi kuniambia imeshindwa kutenganisha vilivyonunuliwa na vilivyopatikana.

Hoja ya tatu ni ya sheria, na wanasheria wa kampuni huipenda: hatupaswi kukaa na data za mtu ambaye si mteja. Kweli, sheria yetu ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakataza kukaa na data binafsi kupita inavyohitajika. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 38, inampa mtu haki ya kupata data yake kwa muundo unaoweza kuhamishwa kwingine, na kifungu cha 40 kinampa haki ya kudai ifutwe. Zote mbili ni haki za mwenye data. Haiandiki popote kwamba kampuni ifute haraka ili iniadhibu kwa kudai pesa, kisha iseme inanilinda. Kama seivu imefungwa kwenye akaunti yenye jina langu na namba yangu ya simu, mimi naiona ni data inayonihusu, na ningependa siku moja Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo Immaculate Kassait ndiye kamishna wake wa kwanza, ipelekewe swali hili na mtu mwenye subira kuliko mimi.

Ulaya wamejaribu kulijibu na wakaacha tundu. Maelekezo yao namba 770 ya mwaka 2019, yanayotumika tangu Januari 2022, yanasema mkataba wa bidhaa ya kidijitali ukivunjwa, mteja anaweza kudai vitu alivyovitengeneza humo, hata kama si data binafsi. Kisha yanaondoa vitu ambavyo havina matumizi nje ya bidhaa yenyewe. Mwanasheria wa kampuni atasoma hapo na kupumua: seivu ya gemu haina matumizi nje ya gemu. Angefika Makongeni mwaka 2005 angeona vijana wakivuka Jogoo Road na seivu zao kwenye soksi, wakazitumia kwa mtu mwingine kabisa, kwenye mashine nyingine kabisa. Nje ya gemu hazina maana, sawa. Nje ya kibanda zilikuwa na maana yote. Sheria imechanganya gemu na duka lililoiuza, na hapo ndipo mpwa wangu alipoangukia, kwa sababu alirudi kwenye gemu ileile akakuta duka limesahau.

Mtaa wenyewe sasa hautambuliki. Nyumba zetu zilikabidhiwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, na mwaka 2025 wapangaji walipewa pesa za kuhama ili nyumba za mpango wa serikali zijengwe. Sitaki kufananisha makazi ya watu na gemu, hayo ni maumivu ya daraja nyingine. Nilipita tu kumsaidia dada kufunga vitu, na kati ya vitabu vya shule na sufuria tulikuta kadi nyeusi ya PS2. Haikuwa yangu, ilikuwa ya shemeji. Mpwa wangu akaigeuza mkononi akauliza nenosiri lake ni lipi.

Halina nenosiri, nikamwambia. Akashangaa sana, kisha akauliza swali la maana zaidi: “Na wakikurudishia pesa ya diski?”

Diski inarudi dukani, kadi inabaki mfukoni. Hakuna aliyewahi kufikiri vinginevyo, na maduka hayakufilisika kwa hilo.

Kwa hiyo nikiulizwa kampuni zifanye nini, sidai jambo geni. Gemu ifungwe pesa ikirudi. Nisiichezee bure hata dakika moja. Vilivyonunuliwa viondoke na pesa zake. Seivu ikae imefungwa kwa muda uliotajwa, mwaka mmoja naona unatosha kwa kijana anayesubiri simu nyingine, na ndani ya muda huo niweze kuchukua nakala au kuagiza ifutwe. Muda ukikaribia kwisha niambiwe. Haya yote yanaingia kwenye ujumbe mfupi wa simu, wa aina tunayopokea kila siku tukituma pesa ya nyanya:

“Imethibitishwa. Umerudishiwa Ksh 650. Gemu imefungwa. Seivu yako itahifadhiwa kwa miezi 12. Kupata nakala jibu 1. Kuifuta sasa jibu 2. Ukinunua tena utaendelea ulipoachia.”

Nilimwonyesha mpwa wangu rasimu hiyo. Alisema Ksh 650 ni bei ya zamani.